AJALI INA KINGA

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na mimi nimeitumia katika insha zangu mara nyingi, hasa pale nilipokosa namna ya kumaliza. Ndugu msomaji, leo naomba ruhusa ya kubishana na wahenga kidogo. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulisimama kando ya barabara na kalamu na daftari, tukaona kwamba ajali ina kinga, na kinga hiyo ina bei. Lakini kabla sijafika huko, yanipasa kueleza jambo ambalo wengi wenu hamlijui, kwa maana sijawahi kulisema mbele ya watu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Februari mwaka 2025. Nilikuwa kidato cha pili. Sisi wa shule ya kutwa tunajua maana ya saa moja kamili. Kengele ikilia geti linafungwa, na atakayebaki nje atakabidhiwa fyekeo na kipande cha nyasi. Siku hiyo matatu yetu ilikwama kwenye msongamano tangu Githurai, kwa hiyo tulipoteremshwa kwenye steji iliyo ng'ambo ya geti tulikuwa tumebakiwa na dakika mbili hivi. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa dawati moja. Mimi nilikimbia, nikapita kwenye lile pengo la ua wa katikati ya barabara, nikafika upande wa shule salama salmini. Nilipogeuka nilimwona mwenzangu bado amesimama ng'ambo, anafunga kamba ya kiatu. Hapo kengele ikaanza kulia.

Nikapaza sauti, "We! Kimbia, geti linafungwa!"

Akainua uso akaniangalia mimi. Hakuangalia barabara. Hilo ndilo jambo ambalo sikulisema.

Breki zililia, na watu waliokuwa stejini wakapiga mayowe. Gari lilikuwa dogo, na dereva hakutoroka, namshukuru kwa hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali. Mwenzangu alivunjika mguu wa kulia mahali pawili. Kitabu chake cha Fasihi kilibaki kwenye lami, nami nikakiokota nikaingia nacho darasani kama mtu asiyejua anakokwenda.

Siku ya pili tuliambiwa kwenye paredi kwamba sisi wanafunzi tu wazembe, hatuangalii kulia wala kushoto, na kwamba ajali haina kinga. Tukainamisha vichwa. Kisha kiranja wa darasa letu akapitisha katoni. Tukatoa ishirini ishirini, hamsini hamsini, kila mtu kwa uwezo wake. Walimu wakatoa, wazazi wakatoa, hata makanga wa ile njia yetu wakatoa. Mama yake, ambaye anauza mboga Githurai, alipokuja kuchukua zile pesa alilia mbele yetu, akasema, "Asanteni, wanangu. Mungu awazidishie." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa wiki mbili sikula vizuri wala kulala vizuri. Mwishowe nilimfuata mlezi wa Chama chetu nje ya chumba cha walimu nikamwambia yote. Nilidhani atanikemea au atanifariji. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Wewe ulimwita," aliniambia. "Sawa. Je, asubuhi ile ni wewe peke yako uliyemwita mtu barabarani?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi kesho njoo mapema, simama pale, uhesabu. Ukija na hesabu tutazungumza."

Hivyo ndivyo uchunguzi wetu ulivyoanza. Sikuenda peke yangu, maana wanachama wanane walijitolea. Kwa asubuhi tatu tulisimama wawili wawili kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja. Wa kwanza walihesabu wanaovuka penye pengo, wa pili wanaovuka kwenye kivuko cha pundamilia, wa tatu walipima mwendo wa magari, nao wa nne walipima umbali.

Jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba katika kila wanafunzi kumi, wanane walivuka penye pengo. Si wanafunzi tu. Walivuka akina mama wenye mizigo, watu wa ofisini waliovaa tai, na hata askari mmoja. Na kuitana? Jamani! Kila dakika ulisikia "Njoo!" na "Harakisha!" na "Sasa, vuka sasa!" Nikasimama pale na daftari langu nikaelewa kwa nini mwalimu alinituma. Kosa langu halikuondoka, lakini niliona kwamba lilikuwa na wenzake wengi mno kuitwa uzembe wa mtoto mmoja.

Jambo la pili lilikuwa umbali. Kutoka getini hadi kwenye kivuko kilichochorwa ni hatua 640. Mtu anayeteremka stejini akitaka kuitii sheria lazima atembee hatua 640 kwenda, avuke, kisha atembee nyingine 640 kurudi hadi getini, wakati geti analiona mbele ya macho yake. Tulijiuliza ni nani aliyekichora kivuko huko mbali. Jibu tulilipata kwa mama mmoja anayeuza uji na mandazi pale nje, ambaye amekaa hapo kabla ya wengi wetu kuanza shule.

"Wanangu," alisema, "hiyo zebra ilichorwa wakati steji ilikuwa kule kwa petroli. Steji ikahama, zebra ikabaki."

Maneno hayo tuliyaandika daftarini vile vile alivyoyasema. Hakuna aliyerudi kuangalia watu wanapita wapi.

Jambo la tatu lilikuwa mwendo. Mwalimu wa michezo alitupa futi ya kupimia uwanja, tukapima mita 50 kati ya nguzo mbili za umeme. Mwalimu wa Fizikia akatuazima saa yake. Gari likipita mita 50 kwa sekunde tatu, mwendo wake ni kilomita 60 kwa saa. Mengi yalipita kabla ya sekunde tatu kwisha. Sasa, Sheria ya Trafiki ilirekebishwa mwaka 2017 ikaweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa penye shule. Gari linalotii kikomo hicho lingetumia sekunde sita kutoka nguzo hadi nguzo. Kwa asubuhi tatu tulilisubiri gari la sekunde sita. Tuliliona moja tu, nalo lilikuwa linasukumwa.

Mtu anaweza kuuliza, kuna tofauti gani kati ya 30 na 60? Mwalimu wa Fizikia alitufanyia hesabu ubaoni. Dereva anapoona hatari hutumia kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki, na muda huo wote gari linaendelea mbele. Baada ya hapo breki nazo zinahitaji nafasi, na nafasi hiyo haiongezeki sawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nafasi ya breki inakuwa mara nne. Kwenye lami kavu, gari lenye breki nzuri likienda kilomita 30 kwa saa litasimama baada ya mita 13 hivi. Likienda 50 linahitaji karibu mita 28. Likienda 80 linahitaji karibu mita 57, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wetu wa mpira. Aliyejitokeza mita 20 mbele ya gari la mwendo wa 30 atatukanwa na dereva kisha ataendelea na safari yake. Aliyejitokeza mita hizo hizo mbele ya gari la mwendo wa 80 atagongwa kabla halijapunguza mwendo hata kidogo. Ni mtoto yule yule, na uzembe ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wa gari.

Msidhani mambo haya ni ya barabara yetu peke yake. Sote tunaijua Thika Road, ambayo wengi wetu tunaipita kila siku. Barabara ile ya karibu kilomita 50 ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, zikiwemo fedha za serikali, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo wa Uchina. Ni barabara ya kujivunia, hilo sikatai. Lakini watu wa Githurai, Roysambu na Kasarani hawakuacha kuwa na ndugu, maduka na shule ng'ambo ya pili. Wakawa wanavuka chini ya magari yaendayo kasi, na wengi wakafa. Matuta yakawekwa kwenye barabara ambayo ilijengwa ili magari yasisimame, baadaye yakaondolewa, na miaka kadhaa baadaye serikali ikarudi kuongeza madaraja ya miguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nchini kote, mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walikufa barabarani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watembeao kwa miguu.

Kwa jirani zetu Tanzania tumejifunza jambo la kutia moyo. Shirika moja liitwalo Amend lilianza mradi wa kuzifanya salama sehemu zilizo karibu na shule za msingi jijini Dar es Salaam na kwingineko Afrika, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji. Hawakujenga mabarabara ya juu. Walichunguza kwanza watoto wanapita wapi, kisha wakaweka vijia vya miguu, matuta, vivuko na alama, na palipohitajika wakahamisha hata lango la shule. Tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Lango! Hilo hata sisi tunaweza.

Sasa nifike kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Tuliandika barua rasmi, ile ile tunayofundishwa kwa ajili ya mtihani. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na methali saba. Mlezi wa Chama alizikata zote kwa kalamu nyekundu. "Mhandisi hataki kujua wahenga walisema nini," alisema. "Anataka kujua ni wangapi, saa ngapi, na umbali gani." Tukaandika upya: idadi, hatua 640, sekunde tatu, ramani ndogo iliyochorwa kwa mkono.

Ofisi ya kwanza ilitujibu kwamba barabara hiyo si yao. Kumbe barabara zina wenyewe! Zile kuu za kitaifa ni za KeNHA, kuna za mijini zilizo chini ya KURA, na nyingine ni za kaunti. Ukikosea mlango, barua yako inalala. Ofisi ya pili ilikubali kuwa barabara ni yao, lakini mama karani aliyetupokea mwezi wa Mei alitikisa kichwa kwa huruma. "Mngekuja mapema, watoto wangu. Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sasa ngojeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ambao hupelekwa kabla ya Septemba 1. Leteni maoni yenu kabla ya hapo, na msichoke." Tulitoka pale tumevunjika moyo, lakini tulitoka na kalenda. Ni watu wazima wangapi mtaani kwetu wanaoijua kalenda hiyo?

Tulijifunza pia pesa za barabara zinatoka wapi. Kuna tozo ya matengenezo ya barabara iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, inayokatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwezi wa Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Nilipolisoma hilo nilikumbuka makanga wetu anavyosema, "Nauli imepanda, mafuta yamepanda." Yaani mama muuza mboga anayepanda matatu alfajiri kwenda sokoni, na ambaye hana hata baiskeli, analipia lami kila siku. Kwa hiyo anayevuka kwa miguu si mgeni barabarani wala haombi msaada. Amelipa. Tena mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa watembeao kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Ahadi iliyoandikwa ni deni lililoandikwa, na mdai asipojitokeza mdaiwa husahau.

Wakati tukingoja bajeti hatukukaa bure. Tulipeleka daftari letu kwa mwalimu mkuu na kwa kamati ya wazazi. Uwanja wetu wa mpira una kona inayokaribiana na kile kivuko cha zamani. Wazazi walikubali ukuta utobolewe hapo na fundi wa kuchomelea atengeneze geti dogo. Makanga wa njia yetu nao walikubali kuwateremsha wanafunzi pale asubuhi badala ya stejini. Rangi ya kivuko ilipakwa upya. Mwalimu wa zamu akaanza kusimama pale, na muda wa kufunga geti ukasogezwa mbele dakika kumi ili mtu asichague kati ya fyekeo na gari. Nawaomba mlisikie hili vizuri: gharama zote za geti lile zilikuwa chini ya zile pesa tulizochanga kwenye katoni kwa ajili ya hospitali. Pesa za kutibu zilipatikana kwa wiki moja. Pesa za kuzuia, ambazo ni chache kuliko hizo, hakuna aliyekuwa amezifikiria miaka yote.

Mwenzangu alirudi shuleni muhula wa pili akitembea kwa magongo. Nilingoja siku tatu, kisha nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuita."

"Najua," alisema. "Nilikusikia."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningewaambia nini? Hata kama hungeniita ningekimbia tu. Fyekeo nililiogopa kuliko gari."

Tukanyamaza. Kisha akaniuliza kama ni kweli tunahesabu watu, na kama kuna kazi ya mtu wa kukaa. Mwezi wa Julai, baada ya geti dogo kufunguliwa, tulihesabu tena. Yeye aliketi kwenye kibao cha yule mama wa uji, mguu ameunyoosha, daftari mapajani. Sasa katika kila wanafunzi kumi, saba walivuka kwenye kivuko na watatu penye pengo. Hao watatu ni wale wanaotoka mitaani kwa miguu, ambao njia yao haipiti kwenye kivuko. Kwa hao geti dogo halitoshi. Wanahitaji matuta, kijia cha miguu na kivuko kipya mbele ya geti kubwa, na hayo ni ya bajeti. Kabla ya kufunga shule mwezi huo wa Agosti tulipeleka hesabu zote mbili kule kwa mama karani, ya kabla na ya baada. Alizigonga muhuri mbele yetu.

Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanaume wawili waliovaa fulana za kung'aa walikuja na kamba na rangi. Walipima, wakaandika, wakachora alama tatu nyeupe kwenye lami mbele ya geti kubwa, wakaenda zao. Ninapoandika haya matuta hayajajengwa. Alama bado zipo, ingawa magurudumu yanazifuta kidogo kidogo, na mwenzangu, ambaye sasa anatembea bila magongo, huzitazama kila asubuhi kama mkulima anavyotazama wingu.

Wanafunzi wenzangu, na hasa ninyi wa Gredi ya 10 mtakaotuachia nafasi hii mwaka ujao, nina wasia mmoja. Mkiambiwa ajali haina kinga, ulizeni kwa heshima: je, kuna mtu aliyesimama pale akahesabu? Daftari la Chama lipo kwenye kabati la mlezi, na kurasa zilizobaki ni nyingi. Septemba 1 haiko mbali. Tafadhali msichelewe kama sisi tulivyochelewa. Na asubuhi mkiwa upande huu wa barabara mkamwona rafiki yenu upande ule, msimwite. Mngojeni.